Mlinzi wa Waya na Mlinzi wa Mtu

Rafiki yangu akaaye California hupika bia nyumbani kwa umeme. Hita ya wati 5,500 huzama ndani ya sufuria ya chuma, na sakafu hulowa maji. Nilipomwuliza kimlindacho, alinionyesha fyuzi ya ampea 30. Fyuzi hulinda waya usiungue. Lakini moyo wa binadamu waweza kusimama kwa sehemu moja ya kumi ya ampea. Mwaka 1961 Charles Dalziel, profesa wa Chuo Kikuu cha California, alibuni chombo kikatacho umeme uvujapo kiasi cha sehemu 5 za elfu tu za ampea. Nilimsihi akitie chombo hicho, na sufuria aifunge waya uendao ardhini. Nyumba yaweza kuwa na mlinzi, na mwenye nyumba asiwe naye.