Je, Kusema Husomewa?

Mimi ni karani wa parokia hapa Makongolosi, wilaya ya Chunya. Chuoni nilisomea ualimu, na sasa kazi yangu ni kuandika vyeti vya ubatizo na ndoa, kutunza daftari za zaka, na kuandaa matangazo yasomwayo kila Jumapili. Leo nataka kuwasimulia kosa langu mwenyewe, maana lilinifundisha jambo ambalo wazazi wengi hatulijui.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alipomaliza kidato cha sita alituambia kwamba anataka kwenda chuo kikuu kusomea mawasiliano ya umma. Shemeji yangu, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, alishangaa sana. Yeye alitaka binti awe mwalimu au muuguzi, kazi ambazo kila mtu anazifahamu. Mimi nikacheka, nikasema, "Mama, kusema husomewa? Hata mtoto wa miaka miwili husema, wala halipi ada." Binti akanyamaza.

Majuma machache baadaye niliombwa kutangaza kanisani siku ya chanjo ya watoto. Nikaandika: "Wazazi wote wapeleke watoto wao zahanati Jumamosi ijayo." Tangazo likasomwa vizuri, kwa sauti kubwa. Kumbe "Jumamosi ijayo" ina maana mbili! Mimi niliwaza Jumamosi ya juma la pili. Wengine walielewa ile iliyo karibu, baada ya siku sita. Mama mmoja alitoka mbali, kwenye maduara ya wachimbaji, mtoto mgongoni, akakuta mlango umefungwa. Akaja ofisini kwangu miguu imejaa vumbi. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Karani, ulisema Jumamosi ipi?" Nilikosa jibu.

Siku yenyewe ya chanjo ilipofika, hadi saa tano mama yule hakuonekana. Ilinibidi nikodi bodaboda nimfuate, nikamsihi kwa aibu, akakubali kurudi. Mtoto akachanjwa.

Jioni nikamweleza mpwa wangu. Akasema kwa upole, "Mjomba, ungeandika tarehe. Tena ungempa mtu asiyejua habari hiyo aisome kwanza, akuambie ameelewa nini." Ndipo nilipotambua kwamba kusema ni jambo moja, na kueleweka ni jambo la pili. Hilo la pili ndilo husomewa.

Basi nikaanza kuuliza juu ya masomo hayo. Nikaona kwamba si mageni hata katika Kanisa letu. Huko Nyegezi, Mwanza, Askofu Joseph Blomjous alianzisha chuo mwaka 1960, nacho kikaja kufundisha waandishi wa habari. Mwaka 1998 kikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, chini ya Maaskofu Katoliki wa Tanzania. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kinafundisha masomo hayo. Digrii huchukua miaka 3. Mwanafunzi hujifunza kukusanya habari na kuzihakikisha, kuandika kwa ufupi, kutengeneza vipindi vya redio, na kushika sheria na maadili ya kazi. Zaidi ya yote hujifunza kujiuliza: msikilizaji wangu ni nani, na atanielewaje?

Shemeji akaniuliza, "Na nani atamwajiri?" Swali la haki. Kazi zipo katika magazeti, redio na televisheni, lakini pia halmashauri zina maofisa habari, na hospitali, mashirika na makampuni huhitaji watu wa kueleza shughuli zao. Tena, kwa Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 na kanuni zake za 2017, mtu hatambuliwi kuwa mwandishi wa habari bila kuwa angalau na diploma ya fani hiyo. Siku za kuingia redioni kwa sauti nzuri tu zimepita.

Hata hapa kwetu kazi ipo. Wachimbaji wadogo hukamatia dhahabu kwa zebaki, nayo ni sumu, hasa moshi wake inapochomwa. Wengi wamesikia jambo hili. Walioelewa hata wakabadili desturi zao ni wachache. Hapo hatukukosa tangazo, tumekosa mtu ajuaye kueleza.

Lakini wazazi wenzangu, sitaki niwadanganye. Cheti peke yake hakileti mshahara, na wako wahitimu wanaozunguka na bahasha mkononi. Kabla ya kuuza mahindi au ng'ombe, mwulizeni mtoto: wapenda kusoma? Wapenda kusikiliza watu kabla ya kuwasemea? U tayari kuanza kuandika sasa, na kusahihishwa bila kununa? Akijibu ndiyo, na matendo yake yakashuhudia, msimcheke kama nilivyocheka mimi.

Mpwa wangu sasa yuko mwaka wa kwanza, na baba yake ndiye aliyemlipia nauli. Mimi nami, kila tangazo ninaloandika lina siku, tarehe na saa. Kabla halijasomwa kanisani, humsomea kwanza mama auzaye vitumbua mlangoni. Asipolielewa, narudi mezani.