Nani Aliyehakikisha?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Mwaka uliopita, katika somo la fadhila za kutafuta elimu, tulitoa mfano wa Abraham Lincoln, rais wa 16 wa Marekani. Tuliwaonyesha wanafunzi picha ya kibanda cha magogo kilichohifadhiwa karibu na mji wa Hodgenville, jimbo la Kentucky, tukasema: "Humu ndimo alimozaliwa."

Mwanafunzi mmoja, mdogo kuliko wote, akanyoosha mkono: "Ustadhi, nani aliyehakikisha?" Wenzake wakacheka. Sisi tukamwambia akae chini, tukaendelea na somo.

Lakini swali lile halikutuacha. Tulifungua vitabu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Lincoln alizaliwa Februari 12, 1809, katika shamba la Sinking Spring. Zama hizo walowezi wa Kentucky walikuwa bado wakifyeka misitu, na wengi wakiishi katika vibanda vya chumba kimoja. Alipokuwa na umri wa miaka miwili, wazazi wake walihama kwa sababu ya mgogoro wa ardhi. Alifiwa na mama yake mwaka 1818. Masomo yake yote ya darasani, ukiyajumlisha, hayakufika mwaka mmoja. Mengine aliyapata kwa kujisomea. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kutangaza, Januari 1, 1863, uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Hayo yote yamethibiti.

Ama kibanda, habari yake ni nyingine. Shamba lile lilikuja kununuliwa na mfanyabiashara, na magogo ya kibanda kikuukuu yakasafirishwa kwenda kuonyeshwa mijini, yakachanganyika na magogo ya kibanda kingine. Hatimaye yaliwekwa ndani ya jengo kubwa la mawe lililozinduliwa mwaka 1911, lenye vidato 56, kwa hesabu ya miaka aliyoishi Lincoln. Mwaka 2004 wataalamu walichunguza pete za umri ndani ya magogo hayo, wakakuta kwamba miti ile ilikatwa miongo kadhaa baada ya yeye kuzaliwa. Leo wahifadhi wenyewe wanakiita kibanda cha mfano tu.

Ndugu wasomaji, sisi ndio tunaowafundisha watoto kwamba hadithi haipokelewi bila isnadi, na kwamba Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuzihakiki habari. Kisha mtoto akalitumia somo letu wenyewe, nasi tukamkalisha.

Tulirudi darasani tukasema mbele ya wote: "Tulikosea, na mwenzenu alikuwa na haki ya kuuliza." Tukamwomba radhi. Kimya kilitanda. Kisha yeye akauliza tena: "Basi hapo pana kitu gani cha kweli, ustadhi?"

Tukamjibu: pana chemchemi. Ile iliyolipa shamba jina lake, walipochota maji wazazi wa Lincoln, bado ipo chini ya miamba pale pale.

Wazazi wetu, mtoto akiuliza kwa adabu, msimnyamazishe. Nanyi wanafunzi, ulizeni, hata kama anayesema ni mwalimu wenu.

Allah atujaalie tuwe wakweli na wepesi wa kurudi kwenye haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.