Huyo Aliyewapanga Amewaona?

Siku hizi kila pembe utakayopita utasikia habari za akili unde. Wengine huiita akili bandia, wengine akili mnemba. Chama chetu kimeshabishana sana juu ya lipi ni fasaha, na muafaka hatujapata. Mie leo sishughuliki na jina, nashughulika na kazi yake. Wala si ile kazi ya kuandikiwa insha (hiyo walimu washaisema mpaka wamechoka), bali kazi ya vikundi vya vijana huku kwetu, tangu Ukunda na Diani hadi Msambweni na Shimoni.

Vikundi ni vingi: vya mpira, vya kusafisha ufuo, vya kupanda mikoko, vya kuwatafutia vijana ufundi. Viongozi wake hawalipwi, na mzigo wao mkubwa ni kuandika. Barua kwa chifu, kumbukumbu za mikutano, maombi kwa wafadhili ambayo lazima yawe kwa Kiingereza kilichovaa tai. Hapo mashine inasaidia, tusiseme uongo. Nimemwona kijana asiyeona akisomewa tangazo lote na simu, bila kumngoja mtu.

Likizo ya Agosti nilikuwa nikisaidia kuandika majina katika kikundi kimoja kilichopata nafasi 12 za kujifunza ufundi wa friji na viyoyozi, kazi inayotafutwa sana katika hoteli za Diani. Barua zikaja 41. Kaka mwenyekiti, mtu mwema lakini mwenye haraka, akasema kukesha ni kwa nini? Akazipiga picha, akaitia mashine iwapange vijana tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Dakika chache tu orodha ikawa tayari, nadhifu, kila jina na alama zake.

Juu walikaa walioandika Kiingereza. Chini kabisa alikuwa mwana wa mvuvi kutoka upande wa Shimoni, ambaye barua yake ilikuwa ya mistari mitatu, nusu Kiswahili nusu Kidigo. Pale hakuna asiyejua kwamba injini ya mashua ikigoma, huyo ndiye huitwa. Mashine haikulijua hilo, naye hakuliandika. Nani kwetu hujisifu kwenye barua?

Bibi mlezi wa kikundi, ambaye simu yake ni ile ya tochi, akauliza, "Wanangu, huyo aliyewapanga amewaona?"

"Hajawaona bibi, amesoma barua zao."

"Haya. Na Kidigo akijua?"

Tukajaribu. Tukaiandikia sentensi ya Kidigo kuhusu ahoho na munda, nayo ikatujibu kwa ushujaa mkubwa, maneno yaliyokuwa karibu na Kigiriama kuliko Kidigo. Si uchawi. Mashine hizi hujifunza kutokana na maandishi, na ya Kidigo ni machache. Kamusi ya Mgombato ilitoka mwaka wa 2004, Agano Jipya likafuata 2007. Wadigo wengi ni Waislamu, kwa hivyo hata hayo machache si mazungumzo ya baraza zetu. Lugha yetu iko midomoni.

Tena wako walioachwa nje kabla mashine haijawashwa. Wamakonde wa Kwale walitambuliwa kuwa raia mwaka wa 2017, Wapemba mwaka wa 2023. Asiye na kitambulisho hasajiliwi laini ya simu, na asiye na laini mambo ya mtandaoni yanampita.

Lakini lililonikereketa zaidi ni jingine. Kati ya zile barua ilikuwamo ya msichana wa miaka 16 aliyeeleza kwa nini aliacha shule, mambo ya nyumbani kwao, aliyowaandikia viongozi kwa kuwaamini. Sasa yamepigwa picha na kupelekwa kwenye kompyuta za kampuni ya ng'ambo, mwenyewe hata hakuulizwa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema habari za mtoto zisishughulikiwe bila idhini ya mzazi au mlezi wake, na kifungu cha 35 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Dada mweka hazina alikisoma kifungu hicho mbele ya kikao. Kaka mwenyekiti akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe."

Wala si mageni. Mwaka wa 2023 watu walipanga foleni Nairobi kupigwa picha za macho na Worldcoin ili wapate kama shilingi 7,000. Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru picha hizo zifutwe.

Basi orodha ikawekwa kando. Vijana wote 41 wakaitwa chini ya mwembe, mmoja mmoja, siku mbili nzima, kila mtu akaulizwa kwa lugha aliyoitaka. Mashine ikaachiwa kupanga saa za mahojiano, kwa nambari tu, majina hapana. Mwana wa mvuvi alishika nafasi ya 5. Yule msichana hakupata. Bibi alikwenda kwao kumwambia mwenyewe, akamweleza na barua yake ilikopita, mamake akiwepo. Msichana aliuliza kama inaweza kurudishwa. Dada mweka hazina ameiandikia kampuni ile kuomba ifutwe, na hadi ninapoandika haya jibu halijaja.