Kuhesabu Ndege wa Mida

Katika pwani ya Kenya, kusini ya Watamu, bahari imeingia barani kwa mlango mwembamba, kisha ikapanuka ikawa hori pana iliyozungukwa na mikoko. Hori hiyo huitwa Mida. Maji yajaapo hufika mpaka kwenye matawi ya mikoko. Yapwapo huacha uwanda mkubwa wa tope na mchanga, nao umejaa kaa na minyoo ya baharini. Kwa ajili ya chakula hicho maelfu ya ndege huja Mida kila mwaka kutoka nchi za mbali.

Wako watu wanaodhani kwamba kuhesabu ndege ni mchezo wa watoto wasio na kazi. Sivyo. Kila mwezi wa Januari, katika nchi nyingi za dunia, watu hutoka kuhesabu ndege wa maji. Kazi hiyo ilianza mwaka 1967, na katika Afrika imepangwa tangu mwaka 1991. Januari ulichaguliwa kwa kuwa wakati huo ndege wasafiri wametulia, wala hawahamihami. Kwa hiyo si rahisi ndege mmoja kuhesabiwa katika nchi mbili.

Basi siku moja ya Januari watu wanne waliingia katika dau dogo huko Mida. Wa kwanza alikuwa nahodha mzee, aliyevua samaki katika hori ile tangu ujana wake. Wa pili alikuwa mjukuu wake, mwanafunzi wa darasa la saba. Wa tatu alikuwa msichana wa darasa lilo hilo, na wa nne mwalimu wao. Ilikuwa siku ya bamvua, mwezi ukiwa mpevu, na maji yalitazamiwa kujaa kabisa saa kumi alasiri. Saa hiyo ndiyo ifaayo kwa kuhesabu, maana maji yakisha kufunika tope, ndege hawana mahali pa kula, nao hukusanyika pamoja juu ya mchanga uliobaki.

Waling'oa nanga saa nane. Upepo wa kaskazi ulivuma polepole. Mzee alisimama tezini, akachoma pondo, na dau likaenda kimya kando ya mikoko. Mwalimu aliwaonyesha vijana sululu, mwenye mdomo mrefu uliopindika kama mundu. Kisha akawaonyesha kundi la ndege wadogo wenye rangi ya tope.

"Watazameni vema hawa," alisema. "Uzito wa mmoja ni kama gramu 60 tu, lakini amezaliwa kaskazini ya Siberia, mahali penye theluji, naye ameruka maelfu ya kilomita mpaka hapa. Mwezi wa Aprili au Mei atarudi huko huko."

Mwalimu alikuwa amewafundisha namna ya kuhesabu kundi kubwa. Mtu huhesabu ndege kumi mmoja mmoja, akaangalia wamechukua nafasi kiasi gani. Halafu nafasi ile huwa kipimo chake, akapima kundi zima kwa kumi kumi, toka upande mmoja mpaka wa pili. Tena watu wawili huhesabu kila mtu peke yake, pasipo kusemezana, ndipo hulinganisha hesabu zao.

Walipofika katikati ya hori, waliona ulimi wa mchanga usiofunikwa na maji, na juu yake wamesimama ndege weupe wengi. Mzee akasema, "Hao ndio wala-kaa."

Ndege mla-kaa ana mwili mweupe na mgongo wenye weusi. Miguu yake ni mirefu, na mdomo wake mweusi ni mnene kama koleo, kwa kuwa kazi yake ni kuvunja gamba la kaa. Huzaa katika pwani na visiwa vya Bahari ya Shamu na vya nchi za Uarabuni. Hajengi kiota mtini. Huchimba shimo mchangani, na mle gizani hutaga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga husaidia kulitamia. Mtoto wake hulelewa siku nyingi. Hata afikapo Afrika, baada ya safari ile ndefu, bado humfuata mzazi wake akililia chakula.

Wanafunzi wakatwaa darubini, wakahesabu. Walipomaliza, mvulana alisema 260, msichana akasema 214. Mwalimu akawaambia wahesabu tena. Lakini kabla hawajainua darubini, kozi akapita juu, na kundi lote likaruka kwa kelele, likatawanyika juu ya hori.

Mvulana akahuzunika. Baada ya kitambo akanena, "Mwalimu, tuandike 300."

"Kwa nini 300?" mwalimu aliuliza.

"Babu amesema kwamba zamani ulimi huu ulikuwa mweupe mzima kwa ndege. Nawe umetufundisha habari za mapatano yaliyofanywa mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, nchi ya Iran, na ya kuwa Kenya iliyaingia mwaka 1990. Ulisema kwamba mahali penye ndege wa maji 20,000 kwa kawaida, au penye ndege 1 katika kila 100 wa jamii moja, huweza kuhesabiwa kuwa na thamani kwa dunia nzima. Hesabu yetu ikiwa ndogo, watu watasema kwamba Mida si kitu, nao wataikata mikoko. Hapa ndipo kwetu, Mwalimu."

Mwalimu hakujibu upesi, maana maneno ya kijana hayakutoka katika uvivu, bali katika kupapenda kwao. Akamgeukia nahodha, akasema, "Mzee, wewe waonaje?"

Mzee alichomoa pondo majini, akamwonyesha mjukuu wake mahali lilipolowa.

"Mjukuu wangu, pondo hili hunisukumia dau, tena hunipimia kina cha maji. Nikilitia majini, huniambia pana maji ya kiuno au ya goti. Mara nyingi nimetamani liniambie pana kina kirefu, nipite njia fupi nifike nyumbani mapema. Lau kama lingekuwa likinipendeza kwa uongo, chombo changu kingalipasuka juu ya mwamba zamani. Mimi ni wa kwanza kutaka ndege hawa wawe wengi, maana niliwaona wengi. Lakini ikiwa wamepungua, ninyi mkaandika kwamba hawakupungua, ni nani atakayeuliza kilichowapunguza?"

Msichana akaongeza, "Na ndege hutaga yai moja tu. Wakipungua, hawarudi kuwa wengi upesi."

Mvulana akanyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Basi tufanyeje, Babu?"

"Tuwangoje," mzee akasema. "Lakini fahamuni, maji yameanza kupwa. Tukikawia, huenda tusipate njia ya kurudi."

Wote wakakubali kungoja. Walikaa kimya muda wa nusu saa. Ndege wakaanza kurudi, wawili watatu, halafu kumi kumi, wakatua mahali pale pale. Vijana wakahesabu. Mvulana alipata 221, msichana 217. Wakahesabu tena, kwa taratibu zaidi, na safari hii kila mmoja alipata 217. Hapo ndipo mvulana alipotambua kosa lake la kwanza: nyuma ya wala-kaa walisimama yangeyange, nao ni weupe vilevile, akawahesabu pamoja.

Mwalimu akaandika kitabuni: wala-kaa 217. Chini yake akaandika saa, hali ya maji, na ya kuwa kundi liliruka mara moja kabla ya kuhesabiwa, hata huenda wengine hawakurudi. Akawaeleza vijana kwamba hesabu ya siku moja haitoshi kusema kama ndege wanapungua au wanaongezeka, maana siku nyingine hukusanyika mahali pengine. Ni hesabu za miaka mingi, zikipangwa pamoja, ndizo zisemazo. Na moja ikiwa ya uongo, huziharibu zote.

Waligeuza dau, lakini mzee alikuwa amesema kweli. Jua lilipokaribia kuchwa, maji yalikwisha katika mkondo, dau likakaa juu ya tope.

"Maji yatarudi," mzee akasema, "lakini litaelea baada ya saa sita usiku. Heri tutembee."

Akatia nanga, wakashuka wote. Tope liliwafika magotini, na mizizi ya mikoko iliwachubua miguu. Mwezi mpevu ulikuwa umekwisha kuchomoza, ukawaangazia njia. Msichana alichukua darubini. Mvulana aliomba apewe kitabu cha hesabu, akakifunga katika shati lake, akakiweka juu ya kichwa na kukishika kwa mikono miwili. Mara mbili aliteleza akaanguka, akachafuka mpaka kifuani, lakini kitabu hakikuguswa na maji.

Walipofika nchi kavu, mzee akamwuliza, "Je, hesabu yetu i salama?"

"I salama, Babu," akajibu. "Mia mbili na kumi na saba."