Bwawa la Watoto Katikati ya Mji

Barabara ya Ggaba hupita Kansanga, ikateremka hadi Ziwa Nyanza. Watoto wa mtaa huo hulelewa jirani na maji, lakini wengi wao hawajui kuogelea. Tarehe 24 Novemba 2018 chombo cha starehe, MV Templar, kilizama ziwani upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Baada ya msiba kama huo, mzazi haulizi tena faida ya mafunzo, huuliza mahali.

Anayekusudia kujenga bwawa la ndani kati ya maduka na aanze na uzito. Bwawa la meta 10 kwa 5, lenye kina cha sentimeta 90, hubeba tani 45 za maji. Mzigo huo wataka ardhi imara, si ghorofa ya kupanga. Pili ni hewa. Klorini ikichanganyika na jasho na mkojo huwasha macho na kifua. Basi watoto waoge kwanza, na mashine za kutoa hewa zisikosekane. Tatu ni joto: nyuzi 30 hivi, kwani mtoto atetemekaye hajifunzi.

La mwisho ni mlinzi. Askari aliyezoea lindo atafahamu upesi: mtoto huzama kimya, hapigi kelele. Ukuta wa kioo humfariji mama aliyeketi nje, lakini haushiki zamu.

Bwawa likijengwa hivyo, huenda siku moja mtoto wa Kansanga akapanda mashua Ggaba, na mama yake asibaki roho mkononi.