Kabla ya Manati, Mjue Ndege

Mpenzi msomaji, ikiwa una mtoto wa kiume wa miaka 12 na unaishi katika mtaa ulio na miti, huenda kisa hiki kisiwe kigeni kwako. Hapa kwetu Woodley bado tuna nyua za michongoma na miti michache iliyosalia, ingawa maghorofa yanazidi kuinuka. Katika miti hiyo wanaishi njiwa, mnana na kunguru. Na katika mfuko wa kaptura ya kitinda mimba wangu, kumbe mlikuwa na manati!

Yote yalianza kwa simu. Kaka yangu anaishi jimbo la Minnesota kule Marekani, na mwezi wa pili alitupigia akiwa na furaha tele. Alikuwa akipanga safari ya kwenda kuwinda bata mzinga wa mwituni mwezi wa nne, wakati baridi ya huko inapokwisha na miti inaanza kuchipua. Hakuwa anakwenda katika shamba la mtu, bali katika ardhi ya umma, ambako yeyote mwenye leseni anaweza kuingia kuwinda msimu unapofunguliwa.

"Nimebakiwa na miezi miwili tu ya kujitayarisha," alisema.

Nilicheka. Miezi miwili kwa ajili ya ndege mmoja? Ndipo akanieleza. Kwanza kuna leseni. Pili, lazima asome ramani aijue mipaka ya ardhi ya umma, asije akajikuta kwenye shamba la mwenyewe. Tatu, na hili ndilo kubwa, ni kwenda msituni bila bunduki, alfajiri baada ya alfajiri, kusikiliza madume wakilia juu ya miti walikolala. Anatafuta nyayo, manyoya na mahali walipochakura. Majira hayo anayeruhusiwa kupigwa ni ndege mwenye ndevu kifuani, ambaye kwa kawaida ni dume, kwa maana majike wanataga na kuatamia. Asiyejua tofauti hiyo ni heri abaki nyumbani.

Kisha akaniambia jambo lililonishangaza zaidi. Ndege hao walikuwa wameangamia kabisa Minnesota. Mwaka 1973 wakaletwa 29 kutoka jimbo la Missouri na kuachiliwa porini. Walipozaana, msimu wa kwanza wa kuwawinda ukafunguliwa mwaka 1978. Wawindaji wenyewe huchangia gharama, kwa kuwa tangu mwaka 1937 kuna sheria ya Marekani inayoelekeza kodi ya bunduki na risasi katika kuhifadhi wanyama wa porini.

Mwanangu alikuwa ametega sikio muda huo wote. Simu ilipokatika, akauliza, "Mama, na sisi tutaenda kuwinda lini?"

Nilimjibu kwa mkato kwamba Kenya hakuna kuwinda. Na ni kweli. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Leseni za kupiga ndege kama kwale na kanga ziliendelea kutolewa baada ya hapo, lakini Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda kwa ajili ya burudani, na hata kwa ajili ya kitoweo. Nilidhani maneno yameishia hapo. Kumbe wapi!

Wiki mbili baadaye jirani yetu alibisha hodi akiwa ameshika njiwa aliyekufa. Alikuwa amemwokota chini ya ua wake, na alikuwa amemwona aliyerusha jiwe. Niliomba radhi, nikamwita kijana sebuleni. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kuinuka wakati baba yangu aliponizuia.

Nikudokezee, msomaji, kwamba Baba alikuwa amekuja kwetu kutoka Ukambani kwa matibabu ya macho. Ana miaka 76, na mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, hata akawa anatutambua kwa sauti. Alikuwa akingoja siku ya kupasuliwa jicho la kwanza.

"Mwache," aliniambia. Kisha akamgeukia mjukuu wake. "Nipe huyo ndege."

Akampapasa mabawa, kifua na miguu. "Ni dume au jike?"

"Sijui, Babu."

"Kiota chake kiko wapi?"

"Sijui."

"Leo asubuhi alikula nini?"

Kijana akainamisha kichwa.

"Basi hukuwinda," alisema Babu. "Umeua tu. Mwindaji hujua."

Maneno hayo yalimchoma mwanangu kuliko kiboko ambacho ningemchapa. Lakini naye ni mtoto, na mtoto huuliza lile ambalo mtu mzima analikwepa. "Kwani wewe, Babu, uliwahi kuwinda?"

Sebule ilinyamaza. Mimi nililijua jibu, na kwa miaka 40 sikuwahi kulitamka mbele ya wanangu.

Mwaka 1984 mvua ilikataa kunyesha. Nilikuwa na miaka tisa. Mahindi yalikauka yakiwa mafupi kama nyasi, na mbuzi wetu wakaanza kufa. Jioni moja Baba alikamatwa akiwa na digidigi mmoja aliyemnasa kwa mtego wa kitanzi. Alifungwa miezi sita. Mama aliuza mbuzi waliosalia ili tule, nami nikakaa nje ya shule muhula mzima. Baba aliporudi, aliitoa mitego yake yote darini akaitia motoni, na tangu siku hiyo hakutaja tena uwindaji. Sisi watoto hatukuuliza. Tulidhani tunamwepusha na aibu.

Jioni hiyo, Woodley, alisimulia mwenyewe. Hakulaumu sheria. "Walikuwa wakiwalinda wanyama, na wanyama walikuwa wakiisha kweli," alisema. "Lakini nilipochoma mitego, nilifunga na mdomo. Hapo ndipo nilipokosea. Kutega kulikatazwa. Kujua hakukukatazwa na mtu yeyote."

Sikulala usiku huo, msomaji. Nilijiuliza ni mangapi anayoyajua mzee huyu ambayo sikuwahi kuyachota. Na ikiwa macho yake hayatapona, au yeye mwenyewe atatutoka, nani atatuambia? Kulipokucha nilikuwa nimekata shauri. Tutapanga safari ya kuwinda kama ya kaka yangu, mwezi huo huo wa nne shule zikifungwa, ila sisi hatutabeba silaha. Tutawinda kwa macho na masikio.

Mwanangu akapewa kazi ya kupanga, na Babu akawa mwalimu. Swali la kwanza lilikuwa, tunamtafuta nani? Babu akachagua kanga. Hapo nilipata la kumchekesha kaka yangu simuni. Zamani Waingereza waliwapata kanga kupitia wafanyabiashara wa Uturuki, wakawapa jina la nchi hiyo. Walipomwona bata mzinga wa Marekani, wakachanganya mambo na kumpa jina lile lile. Kwa hiyo jina analoitwa ndege wa kaka yangu kwa Kiingereza lilikuwa kwanza la kanga wetu!

Swali la pili, tutawapata wapi? Tulifikiria Msitu wa Ngong, ambao hauko mbali nasi, lakini Babu alitaka mahali penye nyasi, vichaka na maji. Kanga hupenda kutembea kuliko kuruka, huchakura mbegu na wadudu mahali pa wazi, na lazima wanywe maji. Tukaamua kwenda Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946 ikiwa ya kwanza nchini. Hiyo nayo ni ardhi ya umma, ingawa wengi wetu huiona kama ya watalii.

La tatu ni wakati. Kiangazi kanga hukaa makundi makubwa, lakini mvua zikianza hujitenga wawili wawili, wakataga chini katika nyasi. Kwa hiyo tusitarajie kundi, alisema Babu. Tutafute jozi, na twende alfajiri kabla jua halijawa kali.

Mwanangu aliyaandika yote katika daftari. Aliandika pia kuwa ada hulipwa mapema kupitia eCitizen, kwamba lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba mvua ikinyesha sana tusiache barabara za karibu na lango, kwani udongo mweusi wa mbugani humeza magurudumu. Kushuka garini ni marufuku isipokuwa mahali palipotengwa, kwa maana simba wako mle. Tulikodi Probox ya kijana wa mtaani kwetu, tukaazima darubini kwa mwalimu mmoja.

Likabaki jambo moja ambalo halikuwa katika daftari. Usiku wa kuamkia safari, Baba aliniita kando. "Binti yangu, hao askari wa langoni, wataniuliza kitu?"

Miaka 40, msomaji, na mzee wa watu bado aliogopa sare ya askari wa wanyamapori! Nilimshika mkono nikamwambia hawatamwuliza lolote.

Tulitoka saa kumi na moja na nusu, tukashika Barabara ya Ngong, tukapitia Mbagathi hadi Lang'ata. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na hewa ilinukia udongo. Langoni askari kijana aliinama dirishani, akamulika tochi, akamwona mzee aliyejifunika blanketi. Nilihisi Baba akikakamaa kando yangu.

"Mzee, habari ya asubuhi? Karibu sana," alisema askari. "Karibu utembee."

Gari lilipokwenda hatua chache, Baba alipumua kwa nguvu. "Safari hii nimepita mlangoni," alisema. Hakusema zaidi, wala sikumwuliza.

Tulisimama karibu na bwawa lililo upande wa lango, tukazima injini na kushusha vioo. Sisi wenye macho mazima hatukuona kitu ila ukungu. Yule asiyeona ndiye aliyeinua kidole kwanza.

"Kwale," alinong'ona. "Dume. Hayuko chini, sauti inatoka juu. Tafuteni kichuguu."

Mwanangu alizungusha darubini, na kweli, juu ya kichuguu alisimama kwale mwenye koo la manjano, akipaza sauti yake ya kukwaruza. Kijana aliganda. Nimemwona akitazama mpira na filamu, lakini sijawahi kumwona akitazama kitu namna ile.

Kanga hawakutokea upesi. Tulikunywa chai na kumaliza maandazi, twiga wakapita, na dereva akaanza kuangalia saa. Ilikaribia saa mbili unusu wakati ndege wawili wenye madoadoa walipojitokeza nyasini, vichwa vyao vya buluu vikiinuka na kushuka. Kwa macho, dume na jike wa kanga ni vigumu kuwatenganisha. Lakini usiku wa kupanga Babu alikuwa ametufundisha siri yao. Wote wawili huweza kutoa mlio mmoja unaorudiwa rudiwa, ila mlio wa sehemu mbili, kama mtu anayeita na kujiitikia, ni wa jike peke yake.

Tulinyamaza. Mmoja akainua shingo, akalia.

"Jike, Babu!" mwanangu alinong'ona. "Amelia mara mbili. Na anakula wadudu, nimemwona akichakura. Kiota sijakiona, lakini kitakuwa katika nyasi zile ndefu alikotokea."

Baba alitabasamu akiwa ameyafumba macho yake. "Sasa umewinda," alisema.

Wiki iliyofuata alipasuliwa jicho la kwanza, na bandeji ilipotolewa, aliomba aletewe lile daftari alitazame. Manati nayo iko. Mwanangu ameitundika ukutani kwa hiari yake, na sikumwambia aitupe.

Mpenzi msomaji, sikushauri uvunje sheria, la hasha. Mitego ikae motoni ilikotiwa. Ninalokuomba ni hili: usiache maarifa yateketee pamoja na mitego. Kama huna mzee wa kukufundisha, walimu wapo. Matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi, ambayo Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka 1971, kwa miaka mingi yamekuwa yakianzia Makumbusho ya Nairobi, na likizo inafaa sana kwa wanafunzi. Vilabu vya Wanyamapori vya wanafunzi navyo vilianza mwaka 1968. Ulizia shuleni kwenu.

Lakini kama mzee unaye, anza na yeye, tena leo hii Jumapili mkiwa mmeketi pamoja. Mwulize alikuwa akijua nini kabla hujazaliwa. Huenda akanyamaza kwanza, kama baba yangu. Mpe muda. Anaweza kuwa anangoja tu mtu wa kumwuliza.