Shimo Langu na Kisima cha Jirani

Yapo mambo ambayo watu wenye adabu huyapitia kimya, na choo ni mojawapo. Mtu ajengapo nyumba huwasimulia wageni habari za sebule, baraza na madirisha, wala hasimulii mahali maji machafu yaendapo. Lakini, msomaji, kila nyumba ina milango miwili: mmoja hupitwa na watu, wa pili hupitwa na maji. Wa kwanza hupambwa kwa nakshi. Wa pili hufukiwa chini ya ardhi. Insha hii ni ya mlango wa pili, na ya idhini niliyoiomba kabla ya kuufungua.

Mimi ni mwalimu, na umri wangu haujatimiza miaka 40. Kwa akiba ya miaka mingi nilipata kiwanja katika pwani ya Kenya, urefu wake futi 100 na upana wake futi 50, mahali ambapo mabomba ya maji taka ya mji hayajafika. Aishiye mahali kama hapo hana budi kuwa na tangi lake mwenyewe. Chuoni nilikosomea ualimu tulizoea kulichora tangi hili ubaoni. Lakini chaki haina harufu wala gharama, na mchoro wa ubaoni hauna jirani.

Tangi hili ni chombo cha mawe au zege kilichozikwa ardhini, nacho aghalabu hugawanywa vyumba viwili. Maji ya choo na ya bafu huingia katika chumba cha kwanza, yakatulia humo kwa muda wa siku moja au zaidi. Kizito huzama, chepesi huelea, na vijidudu visivyohitaji hewa huula ule uchafu uliozama. Maji ya katikati hupita chumba cha pili, kisha hutoka kwenda katika shimo la kunyonyea. Mfaransa Jean-Louis Mouras alipata hataza ya chombo cha namna hii mwaka 1881. Lakini usidanganyike: maji yatokayo katika tangi si safi. Uzito wake umepungua, ila vijidudu vya maradhi vingali vimo. Kazi ya kuyachuja huachiwa udongo.

Kwa sababu hiyo sheria haimwachi mtu achimbe apendapo. Kenya ina Sheria ya Afya ya Umma tangu mwaka 1921. Na sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 humtaka ajengaye apate kwanza ruhusa ya serikali ya kaunti. Nayo Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, humpa kila mtu haki ya usafi wa kadiri ifaayo, na haki ya maji safi na salama. Angalia hekima ya mpango huo: haki ya choo na haki ya kisima zimewekwa katika kifungu kimoja, kama majirani wawili waliogawana ukuta.

Nilipotaja nia yangu ya kuomba idhini, nilipata washauri wengi kuliko wasaidizi. Mmoja alisema ardhi ni yangu na shimo ni langu. Wa pili alisema nichimbe usiku, nifukie kabla ya mapambazuko. Wa tatu, aliyejiona mwerevu zaidi, alisema nimpe mtu fulani chai, ili sahihi ipatikane bila ya bwana afya kukanyaga kiwanja. Niliwasikiliza wote kwa adabu, nikapeleka ramani yangu ofisini.

Siku ya ukaguzi bwana afya alikuja na utepe wa kupimia, kijiti chenye alama, na ndoo. Shimo dogo lilikuwa limechimbwa na kuloweshwa tangu jana yake. Alilitia maji, akatazama saa. Ardhi yetu ni ya matumbawe. Maji yalitoweka upesi kama yaliyomwagwa katika pakacha. Fundi wangu alifurahi. "Mwalimu," alisema, "shimo hapa halitajaa hata kwa wajukuu wako." Bwana afya hakufurahi.

"Ardhi inywayo upesi hivi haichuji," alisema. "Maji yakishuka taratibu katika mchanga huacha uchafu wake njiani. Yakipita katika nyufa za mawe hufika chini kama yalivyoondoka juu. Na chini ndiko viliko visima." Kisha akauliza swali ambalo ramani haikuwa na jibu lake: "Jirani anateka wapi maji?"

Nyuma ya ukuta wangu anaishi bibi mmoja mwenye umri mkubwa. Kisima chake kilichimbwa na marehemu mumewe, na nyumba kadhaa huteka hapo mabomba ya mji yanapokauka. Tulipiga hodi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Alielezwa haja yetu, akautazama utepe ukinyooshwa juu ya ukuta wake. Kisha akasema kwa sauti ya upole, "Watu wengi wamejenga kuizunguka nyumba yangu. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza kisima kiko wapi."

Utepe ulionyesha mita 11 kutoka kisimani hadi mahali ramani ilipoweka shimo la kunyonyea; maana desturi ya wajenzi ni kuficha uchafu nyuma ya nyumba. Kipimo kitumiwacho mara nyingi ni mita 30, na katika ardhi ya matumbawe hata hizo si nyingi. Bwana afya aliandika masharti mawili. La kwanza, tangi na shimo vihamie mbele, karibu na lango, mita 32 kutoka kisimani. La pili, badala ya shimo la kwenda chini sana lichimbwe handaki lisilo na kina kirefu, litandikwe mchanga mwingi, ili maji yasishuke kwa pupa.

Masharti hayo yalikuwa na bei. Kiwanja kinateremka kuelekea nyuma, na maji hayapandi mlima kwa amri ya mwalimu. Ikawa lazima msingi wa nyumba uinuliwe kwa kozi tatu za mawe. Fedha niliyoiweka kwa chumba cha wageni ilizama humo. Faida moja iliambatana na hasara hiyo: lori la kunyonya uchafu, ambalo tangi hulihitaji kila baada ya miaka michache, litafika langoni bila taabu.

Ndipo nilipoiona hesabu ambayo nakuomba nawe uifanye. Futi 100 hazifiki mita 31, na futi 50 ni mita 15 na kitu. Kipimo cha usalama ni mita 30. Basi kipimo hicho karibu kinaumeza urefu wote wa kiwanja, nao upana kinaupita kwa takriban maradufu. Maana yake ni kwamba mwenye kiwanja kama hicho hawezi kukitimiza kipimo akiangalia mipaka yake peke yake. Hati hugawa uso wa ardhi. Maji ya chini hayasomi hati.

Jambo hili limepata kuua. Mwaka 1854 kipindupindu kiliwaua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow alionyesha kwamba wengi wao walikunywa maji ya pampu ya Broad Street. Baadaye, kwa juhudi ya padri Henry Whitehead, ilijulikana kwamba shimo la uchafu la nyumba moja lilikuwa bovu, nalo lilikuwa kiasi cha futi 3 tu kutoka kisimani. Mwenye nyumba ile hakumchukia mtu yeyote. Shimo lake tu ndilo lililomkaribia jirani kuliko alivyojua. Wala maradhi hayo si hadithi ya kale. Kipindupindu kilizuka tena nchini Kenya mwaka 2022.

Sisemi kwamba njia ya idhini ni laini. Faili langu lilikaa majuma 9 katika ofisi moja, mara limo, mara halimo, na kila safari ilinigharimu nauli. Ucheleweshaji wa namna hii ni adui wa sheria yenyewe, kwa kuwa humfundisha mwaminifu kwamba mchimbaji wa usiku ana akili zaidi. Anayedai utii hana budi kutoa jibu upesi. Lakini kosa la faili si kosa la kipimo: ofisi ikichelewa, mita 11 hazigeuki kuwa 30.

Kijana usomaye kurasa hizi, huenda siku moja utajenga, au utaketi katika ofisi itiayo sahihi. Ukijenga, omba idhini kabla ya kushika sururu, na kabla ya kwenda ofisini piga hodi kwa jirani umwulize kisima kiko wapi. Ukiwa wa ofisini, nenda kiwanjani na utepe wako, wala usikawie. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siri ya kisima kata haiijui. Huteka maji maangavu, na maradhi hujulikana baada ya kunywa. Basi idhini si karatasi ya kumpendeza mkubwa. Ni ahadi ya mtu kwamba atakachokizika kwake hakitafufuka katika kikombe cha mwenzake.